Tembo Mshenga wa Maboga

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima, wakioana na kusutana kama sisi, Tembo alikuwa na shamba la maboga kando ya mto. Shamba zuri, wajukuu zangu, nisiseme uongo. Ila lilivamiwa na vidudu vyekundu, vinatoboa majani mchana kutwa, kre kre kre.

Tembo akatwanga utupa, yale majani ya kulevya samaki, akaloweka kwenye pipa. Kila asubuhi anavuta mkongani, anapuliza shambani: pfuuuu. Kwa nini asubuhi? Mimi sisengenyi, nasimulia tu. Asubuhi ndipo wanawake wanapopita kuteka maji, naye alipenda kutazamwa.

Sasa, asubuhi ndipo ua la boga linapofunuka, na nyuki wamo ndani. Wakawa wanaanguka pu, pu, kama mtama uliopukutika. Nyuki wenyewe ni wa Pimbi, jirani yake, kimnyama cha kubebwa kwapani. Pimbi alikuwa na mizinga mitano juu ya mti. Minne ikanyamaza.

Pimbi akamwendea. "Jirani, puliza jioni. Maua yamefumba, nyuki wamerudi kwao."

"Jioni napumzika," Tembo akasema. "Nyuki wako wafundishe kukaa nyumbani."

Pimbi akarudi kwake. Akikaa anasimama, akisimama anazunguka. Jua lilipotua na nyuki wa mwisho kuingia, akaziba tundu la mzinga ule mmoja kwa nyasi, akaacha upenyo wa hewa, akaufunika kwa gunia bichi. Alijua hawatavumilia zaidi ya siku mbili. Joto lingewaua.

Kesho yake Tembo akaja mbio, ardhi inatikisika. "Pimbi, umeniroga? Viboga vyangu vinageuka njano, vinadondoka vikiwa kama kidole!"

Pimbi akaenda, akachungulia ua hili, akachungulia lile. "Maskini. Maua yako hayajaozwa."

"Hayajaozwa?"

"Hili lenye kiboga chini yake ni bibi harusi. Lile la kikonyo kirefu ni bwana harusi, ule unga wa njano ndio mahari yake. Nani anaupeleka? Shamba lako halina mshenga."

"Mshenga nitampata wapi?"

"Anatakiwa mwenye pua ndefu. Sijui kama unamfahamu mtu wa namna hiyo."

Tembo akacheka mpaka masikio yakapigana. "Kesho asubuhi uniamshe."

Asubuhi hakupuliza utupa. Akachomeka ncha ya mkonga kwenye ua dume, akapeleka kwa ua jike. Moja. Mbili. Kumi. Unga ukampanda puani: chyaaaa! Maua matano yakaruka mpaka mtoni. Akainama tena. Mgongo ukalia ko.

Wanawake wakapita na mitungi. Swala akasema, "Shemeji, leo umepaka poda?"

"Pita zako."

Pimbi alikuwa akikimbia huku na huku, shamba na mzinga, mzinga na shamba. Kila akitega sikio, mvumo umepungua. Zzzz. Zzz. Akirudi anamkuta Tembo bado mstari wa kwanza.

"Fanya haraka, jua likipanda yanafumba," akamwambia. "Na kesho yatafunuka mengine."

"Mengine? Kila siku?"

"Kila siku, mpaka mavuno."

Tembo akaketi puu. "Pimbi, ndugu yangu, hakuna washenga wa kuajiri?"

"Wapo, maelfu. Hawataki mshahara. Wanataka maji ya kunywa yenye vijiwe vya kukanyaga wasizame, na asubuhi wasisikie hata harufu ya utupa. Unapuliza jioni tu. Unaapa?"

"Naapa."

"Sema kwa sauti, akina mama wasikie."

Tembo akaapa, mto mzima ukasikia. Pimbi akapanda mti, akaondoa gunia, akang'oa nyasi. Kimya. Nyuki mmoja akatoka akiyumba. Wawili. Kisha vuuuuu, wakamiminika mauani.

Tembo akatoa macho. "Si ni wale wale? Umenichezea!" Akakimbilia pipani, akavuta utupa mkonga mzima, akauinua juu ya shamba.

"Puliza," Pimbi akasema, akiwa palepale juu ya mti. "Ila kesho nitakuamsha mapema zaidi, mistari imebaki thelathini."

Tembo akatazama ile mistari. Akatazama nyuki, kila ua lina mmoja, wengine wanagombea. Akina mama wametua mitungi, wanasubiri.

Akarudisha utupa pipani, taratibu, asidondoshe hata tone, akauliza kwa sauti ndogo, "Hivyo vijiwe vyao, viwe vya ukubwa gani?"

Hadithi yangu imeishia hapo, na funzo lake ni hili: usimfukuze mdogo kabla hujajua ni kazi gani anakufanyia.