Wimbo Uliokuwa Ndani ya Kompyuta ya Mwalimu Gama

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura na fisi. Nasema zamani ya karibu, ya kompyuta zenye chogo, ambazo ukishaziwasha unapata nafasi ya kwenda kuteka maji na kurudi. Katika mji mdogo upande wa Songea aliishi mwalimu wa kwaya, Mwalimu Gama, na kompyuta yake ilikuwa ya namna hiyo. Kwa uzee ilikuwa imesahau hata mwaka. Kila asubuhi ilidai ni mwaka ule ule iliotengenezwa, naye kila asubuhi aliisahihisha kwa upole, kama mtu anavyomkumbusha bibi yake majina ya wajukuu. Ubavu wake haukuwa na skrubu hata moja. Ilipogoma, Mwalimu aliufungua, akapuliza vumbi, akasugua kijibao cha ndani kwa kifutio cha penseli, akaufunga. Nayo ikaendelea.

Miezi yake ya mwisho Mwalimu alijifungia na kompyuta hiyo. Alikuwa akimtungia wimbo mkewe, Mama Ottilia, na kwa kuwa hakutaka mtu ausikie kabla ya wakati wake, alijirekodi mwenyewe sauti zote nne. Alibana koo akaimba ya kina mama, kisha akashuka mpaka besi. Mama Ottilia akipeleka chai alisikia kikohozi tu, halafu kimya cha mtu anayengoja mlango ufungwe. "Utausikia ukikamilika," mumewe alimwambia. Siku aliyosema umekamilika ndiyo siku aliyopelekwa hospitali, na hakurudi.

Mtoto wao alikuwa mmoja, Winfrida. Aligombana na baba yake kwa ajili ya mwanaume ambaye hata hakumwoa, akahamia Mbeya, na kwa miaka miwili akawa hapigi simu ila sikukuu. Alifika nyumbani maiti imeshalazwa sebuleni. Watu wakamshika mkono wakisema, ndiye huyu mtoto, na kila aliposikia neno hilo uso ulimshuka. Jikoni alilazimika kuuliza chumvi inakaa wapi. Mtu anauliza chumvi katika nyumba aliyozaliwa!

Msiba ule ulikuwa na mtani, na msiba bila mtani si msiba. Mzee Kikoti, seremala, Mhehe, ndiye aliyeitengeneza hata meza ya kompyuta. Wangoni na Wahehe mnawajua: babu zao walichinjana, wajukuu wamebaki kutaniana. Mzee Kikoti alifanya kazi yake sawasawa. Alijilaza kaburini akakataa kutoka, akatangaza kwamba Mngoni amekimbia tena kama babu zake. Akaichukua kofia ya marehemu, ikagombolewa kwa jogoo. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka, na ndiyo maana ya mtani.

Ila alichukua na kitu cha pili, na hicho hakukitangaza. Alifungua ule ubavu usio na skrubu, akachomoa kile kijibao cha kijani ambacho fundi huita ramu, akakitia katika mfuko wa koti. Alijua kompyuta haiwaki bila hicho. Alijisemea: wataiwasha, itagoma, watajua ni mtani, watakuja na jogoo wa pili. Lakini nyumba yenye matanga haiwashi kitu. Hata redio ilikuwa imefunikwa kitambaa. Siku zikaenda, uwanja ukafagiwa, matanga yakaanuliwa, na kwa desturi ya pale utani wa msiba huishia siku hiyo. Kitu kinachobaki mfukoni mwa mtani baada ya hapo hakiitwi tena utani, kina jina lingine. Mzee Kikoti alipita mara kwa mara mbele ya nyumba ile, mkono mfukoni. Akaona haya, akanyamaza.

Winfrida naye alitafuta jambo moja, angalau moja, la kumfanyia mama yake. Akaiona kompyuta, akaiwasha, ikalia pii, pii, pii, kioo kikabaki cheusi. Akampelekea Odilo, kijana wa besi katika kwaya ya Mwalimu, mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na stendi. Alimwomba aifufue na kuifanya mpya kadiri inavyowezekana, iwe tayari kabla ya arobaini. Odilo aliitazama kwa nje akacheka. Alisema hiyo kazi ya kikombe kimoja cha chai.

Alipoifungua akakuta pengo mahali pa ramu. Fundi yeyote angeuliza: nani amechomoa kitu humu? Lakini utaiulizaje nyumba ya wafiwa nani mwizi wenu? Na aliyemletea alikuwa Winfrida, mtoto aliyekuwa ametoweka, ambaye mji mzima ulikuwa unamsema. Odilo akafikiri: pengine ni yeye kauza. Akaona haya, akanyamaza. Akapachika ramu aliyokuwa nayo kibandani, ya aina nyingine kidogo.

Kompyuta ikawaka. Ikaganda. Akaizima, akaiwasha, ikaganda tena. Kila alipojaribu kunakili vilivyomo ilifika katikati ikasimama kama punda aliyekataa daraja. Wateja wakapita wakimuuliza, vipi, chai haijaisha? Basi Odilo akaamua kwamba diski imezeeka na windo, ule mfumo unaoiendesha kompyuta, limeharibika, dawa ni kulipiga upya, yaani kufuta kila kitu na kuanza moja. Akamwita Winfrida.

"Dada, humu ndani kuna kitu cha Mzee cha kutunza? Nikipiga windo hakitarudi."

Winfrida alitazama kioo. Kulikuwa na mafaili yenye majina ya herufi na namba tu, na hakujua hata moja ni la nini. Hakujua baba yake alifanya nini miaka miwili ile, alikuwa akiumwa nini, alikuwa akiamka saa ngapi. Neno lililotakiwa lilikuwa dogo: ngoja nikamuulize mama. Kuuliza si ujinga, tumeambiwa tangu utotoni. Lakini kumuuliza mama ni kukiri, mbele ya kijana wa kwaya aliyemjua baba yake kuliko yeye, kwamba mtoto hajui. Akaona haya, na safari hii haya haikumnyamazisha, ilimsemesha.

"Ni mitihani ya shule ya zamani tu," alisema. "Futa."

Odilo akafuta. Akapiga windo jipya, na kompyuta ikaganda vile vile. Hapo ndipo alipoelewa kwamba tatizo halikuwa diski wala windo, ni ile ramu yake isiyofaa. Kumbe alikuwa amefuta bure. Akaagiza ramu sahihi, akapiga windo tena, akabadilisha betri ya saa, akatia feni mpya, akalitupa lile chogo na kuweka kioo bapa. Kompyuta ikawa inawaka kabla hujakaa vizuri kitini, na mwaka ikataja wa kweli. Winfrida alipoiona alilia kwa furaha, akamshukuru sana. Odilo akapokea shukrani huku akitazama miguu yake.

Ikafika arobaini. Asubuhi hiyo Winfrida alikuwa akimfunga mama yake kitambaa cha kichwa, na Mama Ottilia alikuwa na uso ambao hakuwa nao tangu kifo. Akamwambia binti yake siri aliyoificha siku zote hizo ili iwe zawadi kwa watu wote: kuhusu wimbo, na sauti nne, na chai, na mlango. Alisema amemwomba mwenyekiti wa kwaya waimbaji wasimame, wausikilize kwanza, kisha waufuate.

"Sikuutafuta peke yangu," alisema. "Nilitaka sote tumsikie pamoja. Na wewe ulivyoihangaikia hiyo mashine, mwanangu, nikasema huyu kweli ni mtoto wa baba yake."

Mikono ya Winfrida ikasimama kichwani mwa mama yake. Alilimaliza lile fundo, sijui kwa nguvu gani, akatoka nje.

Nyuma ya jiko alimkuta Odilo ameweka kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa, anaifuta vumbi. Akamwambia. Odilo alikaa chini pale pale kwenye majivu na suruali yake ya kwaya. Alisema juu ya vilivyofutwa ameshaandika vitu vipya mara mbili, hakuna cha kufukua. Wakati huo huo akatokea Mzee Kikoti, jogoo kwapani. Alikuwa amekesha akijiuliza, akaamua leo arudishe na jogoo juu, aombe radhi. Akakitoa kile kijibao mfukoni, kimeshika nyuzi za koti.

Odilo alikichukua, akaziondoa zile nyuzi. "Ningekuwa na hiki," alisema, "isingeganda. Ningenakili kila kitu, nisingefuta wimbo wa Mzee."

Basi watu watatu wakabaki nyuma ya jiko, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Ndani watu walikuwa wakivuta viti. Lazima mmoja aingie akamwambie mjane kwamba wimbo haupo.

Winfrida alisema Mzee Kikoti aingie, kwa sababu mtani anaruhusiwa kusema lisilosemeka, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Mzee Kikoti akatikisa kichwa.

"Nikiingia kama mtani, shemeji atacheka," alisema. "Atadhani natania, na watu wote watacheka naye, na huu ni msiba wa pili. Nikiuvua utani mlangoni, mimi ni mwizi tu. Mwizi hapewi nafasi ya kusema. Aseme aliyefuta."

Odilo alisema kidole ni chake, halikatai hilo. Alijua tangu wiki iliyopita kwamba alifuta bure, akapokea shukrani. Lakini kidole kilibonyeza baada ya mwenye nyumba kusema futa. Akiingia yeye ataulizwa nani alikuruhusu, naye atalazimika kumtaja mtoto mbele ya watu. Je, huko ni kukiri au ni kushtaki?

Wakamgeukia Winfrida. Alisema ni kweli, neno ni lake. Alisema kwa sauti ndogo kwamba angeweza kubeba kosa la kufuta. Asichoweza ni kumwambia mama yake sababu, kwamba alisema ni mitihani kwa kuwa hakumjua baba yake tena na aliona aibu ijulikane. Mama amepoteza mume na sasa wimbo. Dakika chache zilizopita amesema amempata mtoto. Anyang'anywe hata huyo?

Mlango wa nyuma ukafunguka kidogo. Mama Ottilia hakutoka, sauti tu ndiyo iliyotoka.

"Winfrida, watu wameshasimama. Nimeweka kiti cha baba yako karibu na meza. Nani anakuja kuiwasha?"

Mzee Kikoti akavua kofia. Odilo akanyanyuka majivuni. Winfrida akashika ncha ya waya wa kompyuta.

Haya, ninyi mnaocheka mtani na ninyi mnaomlaumu binti, msinitazame mimi. Mtani alikinyamazia kijibao, fundi akalinyamazia pengo, mtoto akasema asilolijua, na wote ni aibu ile ile moja iliyowashika. Kiti cha marehemu kinangoja na waimbaji wamesimama. Je, kati ya hao watatu, nani alistahili kuvuka kizingiti kile na kumjibu yule mama?