Forosadi za Mpakani

"Forosadi huoshwa mlangoni mwa kinywa."

Mmeisikia leo kwa Mama Shemasi, mkatazamana mkacheka, mkaulizana kinywa kina mlango gani. Sogeeni, basi. Maneno hayo hayakutungwa na mtu aliyekuwa akitafuta maneno matamu. Yalimtoka mwanamke mmoja mwenye haraka, jikoni kwake, hapa hapa kwetu milimani Upare, Ijumaa jioni jua likizama. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, Elinihaki na mdogo wake Sefania. Mama yao alipofariki aliwaachia mashamba mawili yaliyopakana, na juu ya mpaka wenyewe ukasimama mforosadi mkubwa alioupanda kwa mkono wake. Mnajua forosadi zilivyo: tunda dogo, jeusi, laini, ukilishika tu vidole vinabaki na rangi. Mama alipokuwa hai, nyumba zote mbili zilikula bila kuulizana. Alipoondoka, kila ndugu akaanza kuona kwamba matawi yaliyoelekea kwa mwenzake ndiyo yenye matunda mengi. Wakaanza kwa maneno, wakaishia kwa kimya, na kimya kikawa kibaya kuliko maneno. Njiani walipishana kama wageni. Kanisani kila nyumba ilikaa upande wake.

Mwisho Elinihaki akaapa kuukata ule mti. "Mti ulioninyang'anya ndugu," alisema, "una faida gani kwangu?"

Wazee wa kanisa wakamsihi asubiri. Wakakaa, wakaomba, wakatoa uamuzi wao: matunda ya msimu ule yachumwe na kuwekwa mahali pamoja, kisha siku ya Sabato, baada ya ibada, nyumba zote mbili zikae kwenye mkeka mmoja zile. Wakila pamoja, mti utabaki na ugomvi utazikwa. Wasipokula, Elinihaki ataingia mtini na shoka lake, na hakuna atakayemzuia.

Sasa, forosadi haziivi kwa pamoja, na ndege hawana subira. Ili zipatikane za kutosha nyumba mbili, ilibidi zianze kuchumwa katikati ya juma na kutunzwa. Wazee wakamkabidhi kazi hiyo Nakijwa, mke wa Sefania, kwa sababu jiko lake lilijengwa kwa mawe na lilikuwa na ubaridi.

"Vema," Elinihaki akasema mbele ya wote. "Zikiharibika, tutajua ni nyumba gani haikutaka amani."

Neno lile lilimchoma Nakijwa, naye akaondoka nalo moyoni. Alikuwa mwanamke wa sala, na tena msafi kupita kiasi. Kwa watu wa kanisa lao Ijumaa ni Siku ya Maandalio: kabla jua halijazama kuni ziwe zimepasuliwa, nguo zimefuliwa, chakula kimepikwa, kwa maana Sabato ikiingia hakuna kazi tena. Nakijwa alijulikana kijiji kizima kwamba jua halijawahi kuzama akiwa na sufuria chafu. Basi akaona matunda ya amani nayo yanastahili maandalio kuliko vyote. Kila zilipoletwa forosadi aliziosha kwa maji ya chemchemi mpaka zikang'aa, akazimimina ndani ya chungu kikubwa cha marehemu mama mkwe, akafunika, akakaza kitambaa juu ya kifuniko asipite hata sisimizi.

"Hata malaika akishuka leo," alijisemea, "atakuta tumeshajiandaa."

Ijumaa asubuhi alifungua chungu. Harufu iliyomtokea puani ilikuwa ya pombe. Juu palikuwa na povu, na pembeni ya povu ukungu mweupe uliotuna kama pamba. Akaingiza mkono akitumaini kwamba za chini zimepona. Zikamtiririka vidoleni kama uji.

Nakijwa akaketi kwenye kigoda. Mawazo ya kwanza yaliyomjia hayakuwa mazuri: aseme panya wameingia, aseme ni ndege. Akayafukuza. Alijua kwamba uongo mmoja ungehitaji mwingine wa kuushikilia, na amani ya uongo isingefika hata Jumapili. Akapiga magoti pale pale kwenye majivu.

"Bwana," akasema, "sikuombi unirudishie hizi. Nionyeshe nilipokosea. Mikono nitatumia yangu."

Alipoinuka, macho yake yakaangukia ungo uliokuwa karibu na dirisha. Jana yake jioni maji yalimwishia mtungini, na viganja vichache vya mwisho alivitandaza pale juu ya khanga kuukuu, na vumbi lake na vikonyo vyake, akavisahau. Akaokota moja. Ilikuwa ngumu kidogo, nzima, kama imetoka mtini. Akaitia kinywani, ilikuwa tamu. Akatazama ungo, akatazama chungu. Mti ule ule, na hata zilizochumwa siku ile ile zilikuwa uji ndani ya chungu.

"Ni maji yangu," akasema polepole. "Maji yangu na kifuniko changu."

Akachukua kikapu. Hakwenda mtini kwanza. Alikwenda nyumbani kwa Elinihaki. Alimkuta Namsifu, mke wa Elinihaki, anafagia uwanja.

"Hodi, Mama Mbonea."

"Karibu. Leo jua limetokea upande gani? Nilidhani miguu yako imesahau njia hii."

"Forosadi zimeharibika."

Ufagio ukasimama. "Zote?"

"Zote, isipokuwa ungo mmoja. Niliziosha, nikazifungia ndani ya chungu. Sikukusudia, Mungu ananiona."

"Ukazifungia! Ulidhani zitatoroka?" Kicheko kilimponyoka Namsifu, akakizuia kwa kiganja. Kisha uso ukamwiva. "Shemeji yako akisikia, shoka halitalala ndani leo."

"Ndiyo maana nimekuja kwako kabla hajasikia. Juu kabisa ya mti bado zipo. Mimi nitapanda. Wewe nishikie kikapu."

"Upande wewe? Mama mzima, mke wa mtu, juu ya mti?"

"Hata juu ya mti nitakuwa mke wa mtu."

Namsifu akaegemeza ufagio ukutani. "Twende," akasema. "Nami nimechoka kuomba chumvi nyumba za mbali wakati yako iko hapa puani."

Walichuma kutwa. Nakijwa alipanda mpaka matawi yakainama kwa uzito wake, akikataa kabisa mti usitikiswe, kwa kuwa forosadi ikianguka hupasuka, na iliyopasuka huwaozesha wenzake. Alizikata moja moja na kikonyo chake. Namsifu alizipokea chini, akazichambua. Yenye jeraha, hata dogo, ilikwenda kwa kuku. Walipozifikisha jikoni walizitandaza kwenye nyungo juu ya vitambaa vikavu, safu moja tu, pasiwe na tunda lililolala juu ya jingine. Wakaziweka mbali na moto, dirisha wazi, upepo wa mlimani upite. Hawakufunika.

Jua lilipogusa ukingo wa mlima, Namsifu akashtuka. "Tumesahau kuosha! Mama wee, lete maji upesi, Sabato inaingia. Au kesho tuwalishe wazee vumbi?" Na hapo alikwisha kuuinamisha mtungi.

Nakijwa akauziba mdomo wa mtungi kwa kiganja chake.

"Hapana. Hilo ndilo lililoniponza."

"Sasa tutaosha lini? Nyungo hizi zote, siku ya Sabato? Hiyo ni kazi, tutaitwa mbele ya wazee."

"Kesho kabla ya kula, wewe hunawi mikono?"

"Nanawa."

"Kunawa ni kazi?"

"Si kazi. Ni adabu."

"Basi na hizi ni adabu hiyo hiyo. Kila mtu ataosha zake akiwa ameshaketi kula. Usihangaike, Mama Mbonea. Forosadi huoshwa mlangoni mwa kinywa."

Namsifu akaurudisha mtungi kwenye kata yake ya majani. "Na mume wangu akizikataa?"

"Azikatae zikiwa nzima," Nakijwa akajibu, na jua likazama.

Siku ya Sabato forosadi zilikuwa kama walivyoziacha. Mkeka ukatandikwa mpakani, wazee wakakaa kati, nyumba moja huku, nyumba moja kule. Elinihaki alikunja mikono kifuani. Alizitazama zile nyungo kwa makini, akitafuta iliyooza, asiione.

"Hazijaoshwa," akasema hatimaye.

"Ndiyo, shemeji," Nakijwa akasema. "Zinaoshwa sasa."

Akaweka mbele yao beseni na birika la maji. Hapo hakuna aliyenyoosha mkono, maana kila aliyekuwepo alijua desturi: kwetu mkubwa hajimiminii maji mdogo wake akiwepo. Mdogo hushika birika. Nakijwa hakuwa amelifikiria hilo. Aliliona pamoja na wengine. Akamtazama mumewe. Sefania alikuwa ameinamia mkeka.

Kisha Sefania akainuka. Akachukua birika, akapiga goti mbele ya kaka yake.

Elinihaki angeweza kuificha mikono yake. Alilitazama birika, akamtazama aliyelishika, na ile mikono iliyokunjwa ikafunguka. Akachota forosadi kwa viganja viwili, akaviweka juu ya beseni. Maji yakapita kati ya vidole, yakashuka na rangi ya zambarau.

"Yanatosha, kaka?" Sefania akauliza. Hawakuwa wamesemezana tangu walipogombania mti.

"Ongeza kidogo," Elinihaki akasema. "Mama alikuwa anaziosha mara mbili."

Sefania akaongeza. Kisha Elinihaki akampokonya birika akasema, "Lete na yako." Hapo wake zao wakashindwa kujizuia, wakalia huku wanacheka, na watoto, ambao walikuwa wamengoja kupita uwezo wao, wakazivamia nyungo. Jioni ile ungetembea kijijini usingeweza kusema mtoto gani ni wa Elinihaki na yupi ni wa Sefania. Midomo yote ilikuwa myeusi.

Nakijwa alimshukuru Mungu kwa forosadi zilizopona, lakini kwa miaka mingi baadaye alimshukuru zaidi kwa zile zilizooza. Chungu kile kingefika salama kwenye mkeka, kila nyumba ingepewa bakuli lake, safi, tayari, na wangekula wamepeana migongo. Kumbe yapo mambo ya kumaliza mapema, kama kuni na kufua. Na yapo mengine ukiyamaliza mapema yanakuozea, na unawanyima watu nafasi ya kukutana. Hayo yatunze makavu, yatandaze, yapate hewa, ungoje wenyewe waketi. Ndiyo maana hapa kwetu, mtu akitaka kukata shauri kabla wenye shauri hawajafika, au akikazana kuyaweka sawa yote ya kesho leo hii, hatumgombezi. Tunamsogezea kigoda, tunamwambia:

Forosadi huoshwa mlangoni mwa kinywa.