Mkeka Uliopigwa Picha Ukiwa Umelowa

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yaani kitu kizuri hakihitaji kupigiwa debe; kibovu ndicho huzungushwa huku na huko kitafutiwe mnunuzi. Faridah wa Kasongo aliyaona hayo kuwa maneno ya watu waliokufa kabla ya simu.

Faridah alikuwa msukaji wa mikeka, na alitamani jambo moja tu: kuwa fundi wa duka la Mama Honorine kule Salamabila. Mama huyo alikuwa ametangaza katika kundi la WhatsApp kwamba anatafuta fundi mmoja wa kumletea mikeka daima. Wasukaji wakaanza kutuma picha.

Jirani yake, Feza, alitandaza mkeka wake uani, akaupiga picha moja, akaituma bila neno. Faridah alimcheka moyoni. Mkeka wake mwenyewe alikuwa ameushona kwa pupa, mianya ikaonekana. Basi akaunyunyizia maji, kwani ukindu ukilowa huvimba, mianya ikajificha na rangi zikang'aa.

“Dada, ikikauka itakuwa namna gani?” Feza aliuliza.

“Ikikauka, ule mama atakuwa ameshaipenda.”

Kila uchao Faridah aliulowanisha upya, akapiga picha nyingine, akazimwaga katika makundi yote pamoja na sifa kemkem. Hatimaye Mama Honorine aliuagiza. Pikipiki ya Sumaili, mbeba mizigo wa kwenda Salamabila, ilikuwa tayari kuondoka, na mkeka ulikuwa bado mbichi kwa maji ya picha. Faridah akaukunja hivyo hivyo, akaufunga ndani ya plastiki. Njia ya Salamabila tunaijua: matope, mvua, na kulala mahali ambapo hukupanga.

Simu ya Mama Honorine ilipoingia, Faridah aliipokea akitabasamu.

“Faridah, ulinitumia mukeka ama uyoga?” mama yule aliuliza kwa upole. “Inanuka. Nimeianika, sasa naona jua ndani ya mishono.”

Faridah akaomba atume mwingine.

“Hapana, mama. Nimerudi kuangalia foto ya Feza. Iko moja tu, lakini mishono yote inaonekana, na hakuna tundu. Simu yake haipatikani. Umwambie wewe: ndiye fundi wangu.”

Ilimuuma Faridah kuliko matusi. Hata hivyo alikwenda kwa jirani, akaufikisha ujumbe neno kwa neno, machozi yakimlengalenga. Feza alimkaribisha kiti, asimwulize kitu.

Kweli, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.