Kopo Lisilo na Jina

Katika duka la miwani, mtu hawezi kufanya kazi yake bila kuusogelea uso wa mwenzake. Ndiyo sababu Zambarau aliipenda kazi hiyo. Alimketisha mteja kwenye kiti, akamwekea rula ndogo juu ya pua kupima umbali wa mboni hadi mboni, kisha akaipasha moto mikono ya fremu na kuikunja taratibu mpaka ikalala nyuma ya masikio bila kubana. Mzee aliyeingia akipapasa ukuta alitoka akisoma vibao vya maduka kwa sauti, kama mtoto aliyejua kusoma jana. Hapo Zambarau alicheka, meno yakameta katika uso mweusi tii, laini kama hariri. Jina hilo alipewa na baba yake siku alipozaliwa, naye hakuwahi kulihesabu kuwa tusi.

Mambo yalianza kwenda mrama mwaka ule duka lilipotiwa vioo vipya na taa kila pembe. Mwenye duka, bwana mmoja mpole wa ulimi lakini mwepesi wa kufuata upepo, alimwita kando.

"Dada, mikono yako ni ya dhahabu, hilo sibishi," alisema akiyakwepa macho yake. "Ila kwa sasa kaa kule nyuma, kwenye mashine ya kusaga lenzi. Hapa mbele nataka sura inayowaka. Unanielewa, lakini?"

Zambarau alielewa, tena zaidi ya alivyotaka. Mbele akawekwa msichana ambaye wote walimwita Taa kwa jinsi uso wake ulivyong'aa. Taa hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa mchangamfu, mkarimu, asiye na roho ya korosho. Alipomkuta mwenzake amejiinamia kwenye stoo ya fremu, machozi yakimdondoka, alimshika bega.

"Shoga, usijitese bure. Unadhani mimi nilizaliwa hivi? Mungu alinipa, nami nikaongezea!" Akacheka, akatoa mkobani kopo jeupe la plastiki lisilo na jina wala maandishi. "Kuna mama anaichanganya krimu hii mwenyewe nyumbani kwake. Anza na kidogo, jua ulikwepe. Mwezi mmoja tu, kisha utaniambia."

Kweli, mwezi haukwisha. Uso wa Zambarau ulipauka, ukalainika, ukaanza kung'aa. Wateja wakamsifu, jirani wakamuuliza siri, na mwenye duka akamrudisha mbele bila kueleza sababu. Sifa nazo ni kama pombe, aonjaye hutaka kuongezewa. Kutoka usoni alishuka shingoni, kutoka shingoni akashuka mikononi, mwisho mwili mzima. Viungo vya vidole tu ndivyo vilivyokataa katakata kubadilika, akawa anavificha mifukoni kila alipoweza.

Mumewe, fundi wa mabomba asiye mwingi wa maneno, aliuliza mara moja tu, walipokuwa mezani.

"Mbona siku hizi nikikutazama ni kama namwona ndugu yako? Hujipaki yale madude ya kujichubua?"

"Haki ya Mungu, sijipaki. Ni sabuni tu nimebadilisha."

Mume akatikisa kichwa, akaendelea kula. Kiapo kile kilimtoka Zambarau mdomoni kwa wepesi wa mate, lakini kilipofika moyoni kikakaa kama jiwe.

Mwaka wa pili mwili ulianza kudai haki yake. Joto la jiko lilimchoma uso kana kwamba amepakwa pilipili. Mapaja yalipasuka mistari mipana, mishipa ikajichora mikononi kama ramani. Siku moja aligonga kona ya kabati, pigo dogo ambalo hata mtoto asingelilia, ngozi ikachanika kama karatasi iliyolowa. Badala ya kwenda kwa daktari, alikwenda kununua magauni ya mikono mirefu. Jua liwake, mvua inyeshe, yeye alijifunika mpaka vifundoni.

Ndipo aliposhika mimba. Nyumba nzima ilijaa furaha, na mama mkwe akaja kukaa nao amsaidie mkwewe mpaka ajifungue. Mama huyu alikuwa amefua shuka za hoteli kubwa kwa miaka thelathini. Vidole vyake vilikuwa vimesinyaa kwa maji, lakini macho yake yalikuwa makavu na maangavu, na pua yake haikudanganyika. Alimwita Zambarau "mwanangu" tangu siku ya kwanza, wala hakumsema kwa lolote.

Mwezi wa nane wa mimba, huko kliniki, muuguzi aliwasimamia wajawazito waliojipanga kwenye benchi. "Kuna anayetumia krimu za kujichubua? Semeni, hapa hapana polisi." Zambarau akajitia kutafuta leso mkobani. Lakini maneno yalimwingia. Siku hiyo hiyo aliacha kupaka, ghafla, akalizika kopo chini kabisa ya mfuko wa nguo za mtoto, mahali ambapo hakuna wa kupekua. Alidhani kuacha kimyakimya kunatosha.

Kumbe hakukutosha. Baada ya siku chache miguu ilimwishia nguvu. Akawa anatapika, anaona kizunguzungu akiinuka, chakula hakimpandi. Kila aliyemwona alisema, "Ni mimba hiyo, itakwisha." Naye akashikilia hilo hilo.

Uchungu ulimshika asubuhi moja akikunja nguo. Mumewe na mama mkwe walimkimbiza hospitali, pamoja na mfuko wa nguo za mtoto, na ilipofika saa sita mchana daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya utulivu, aliwaambia kuwa mtoto amelala kingamo, si kichwa chini. Hatoki ila kwa upasuaji. Tatizo likawa shinikizo la damu. Lilikuwa chini, na kila walipopima lilizidi kushuka, ingawa alikuwa ametundikiwa maji.

"Hili silielewi," daktari alisema akikunja uso. "Damu hujapoteza, homa huna. Mama, kuna dawa yoyote unayotumia? Au uliyoiacha karibuni? Hata ya kupaka?"

Zambarau alimtazama mumewe aliyesimama mlangoni akiifinyanga kofia yake kama donge la udongo. "Hakuna, daktari," akajibu.

Daktari akaenda kuandaa chumba. Mama mkwe akamtuma mwanawe maji ya kunywa, akavuta pazia, akaanza kumvua mkwewe lile gauni refu ili amvike la hospitali. Mikono yake ikasimama. Aliona mapaja yaliyochanika, tumbo lenye michirizi myekundu, majeraha ya zamani yasiyofunga. Zambarau akafumba macho akingoja matusi.

"Harufu ya dawa hii niliijua siku niliyotua mzigo wangu kwenu," mama mkwe alisema polepole. "Miaka thelathini ya kufua, dawa hainipiti puani. Nikajisemea, nisimwaibishe mtoto wa watu. Nimekosa, mwanangu. Leo sinyamazi."

"Mama, nisitiri! Mume wangu nilimwapia."

"Sitara ndiyo hii nguo ninayokuvika. Kunyamaza mtu anakufa si sitara." Akamfunga kamba za gauni mgongoni kwa upole, kama anayemfunga mtoto mdogo. "Haya. Niseme mimi, au utasema mwenyewe?"

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Pale pale mtoto akajinyoosha tumboni, mara moja, taratibu. Zambarau akapiga moyo konde.

"Mwite daktari. Nitasema mwenyewe. Na mwanao naye aingie asikie."

Alisema yote, kopo kwa kopo, mwaka kwa mwaka, bila kutafuta mtu wa kumtupia lawama. Daktari hakuinua sauti. Aliuliza kopo liko wapi, na alipoambiwa, mume mwenyewe ndiye aliyetia mkono katika mfuko wa nguo za mtoto na kulitoa.

"Kilichomo chote sikijui," daktari alisema baada ya kulifungua, "lakini nadhani kimojawapo nakijua. Kuna dawa kali ambayo mwili ukiizoea huacha kutengeneza ya kwake. Ukiikatiza ghafla, unabaki huna hii wala ile. Ningekupasua hivi hivi, ungeweza kutuzimikia mezani." Akamgeukia muuguzi akamtajia sindano ya kuleta mara moja, kisha akamshika Zambarau mkono. "Na ngozi hii nitaishona kwa namna nyingine. Asante kwa kuniambia, mama. Umenirahisishia kazi."

Zambarau alikuwa tayari kwa karipio, hakuwa tayari kwa asante. Neno lile likamliza kuliko uchungu wenyewe.

Mumewe aliinama kando ya kitanda cha magurudumu. "Nimeumia," alisema. "Si kwa rangi, ni kwa kiapo. Tutayazungumza nyumbani. Sasa nenda, urudi na mwenzako."

Sindano ilifanya kazi, shinikizo likapanda, na kabla ya saa tisa sauti nyembamba ya mtoto wa kike ilisikika hadi kwenye korido. Mama mkwe alipompokea, kitu cha kwanza alichotazama ni ncha za masikio, maana huko ndiko rangi ya mtoto inakojulikana. Akaangua kicheko. "Zambarau mbivu! Huyu hana haja ya kuulizwa mama yake nani!"

Kupona hakukuwa lelemama. Kidonda kilifunguka upande mmoja, kikachukua wiki saba kufunga. Kila asubuhi mama mkwe alikisafisha kama alivyofundishwa na wauguzi, akiimba chini kwa chini. Fundi wa mabomba alijifunza kupika, wali wake ukawa bokoboko wiki ya kwanza na mbichi wiki ya pili, wakaula wote wakicheka. Daktari alimpa Zambarau vidonge na kuvipunguza kidogo kidogo mpaka mwili ukakumbuka kazi yake. Ngozi ilirudi, ila si yote. Mabaka yalibaki mashavuni na mistari mapajani, na daktari hakumficha kwamba mengine ni ya kudumu. Hata imani ya mumewe ilirudi mdogo mdogo, siku hadi siku, kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Hata hivyo, kila alipojitazama kwenye kioo, Zambarau hakuyaona mabaka kwanza. Aliwaona watu waliomshika mkono, akashukuru.

Mwenye duka alikuja kutoa pongezi, akauliza kwa unyenyekevu atarudi lini kazini.

"Nitarudi na uso huu huu, bosi, tena mbele kwa wateja," Zambarau alimjibu. "Kama haukai mbele, niambie mapema nitafute pengine."

Bwana yule alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Rudi, dada. Tangu uondoke wateja wanarudisha fremu kila siku, wanasema zinawakata masikio. Nilikukosea, na nimeliona."

Siku mbili baadaye alikuja Taa, peke yake. Jua lilikuwa la utosi, naye kavaa koti la mikono mirefu lililofungwa hadi kiganjani. Alimsifu mtoto kwa mbali, lakini alipopewa ampakate, alirudi nyuma.

"Nina mafua kidogo, shoga."

Zambarau hakumbishia. Alimlaza mtoto kitandani, akalikunja gauni lake hadi juu ya magoti, akamwonyesha kila mstari na kila kovu. "Haya ndiyo niliyokuwa nikikuficha," alisema. "Nusura nife nayo, na mtoto juu. Mama mkwe wangu huyu hapa ndiye aliyeniambia niseme."

Taa aliifuata mistari ile kwa macho, mmoja baada ya mwingine. Kisha akafungua kifungo cha mkono mmoja, akapandisha koti. Kidonda kilianzia kiganjani, kikaishia karibu na kiwiko.

"Miezi mitatu," alinong'ona. "Kila siku najiambia kitapona chenyewe. Sijamwonyesha mtu. Shoga, naogopa!"

"Na mimi niliogopa. Utamwonyesha daktari leo. Tutaingia pamoja."

Mama mkwe alikuwa keshasimama anatafuta viatu vyake. "Yule daktari yuko mpaka saa kumi," alisema. "Tukitoka sasa tutamkuta."

Walitoka watatu, wa nne akiwa kifuani mwa mama yake. Njiani Taa aliacha mkono wake wazi, watu wakautazama wapendavyo. Zambarau alimkumbatia mwanawe, akahisi pumzi zake ndogo shingoni, akajua kwamba kama angenyamaza saa ile moja nyuma ya pazia, pumzi hizo zisingekuwepo. Wahenga hawakusema uongo: mficha uchi hazai.