Somo wa Mjukuu Wangu

Tulieni kwanza. Leo sisimulii ili mpate usingizi, nasimulia ili mnisaidie, maana nimechoka. Nina mjukuu wa siku nane hana jina, na watu watatu wamenikalia mlangoni, kila mmoja akisema jina ni lake. Ninyi mna masikio mapya. Yangu yamejaa.

Hao watatu ni vijana wa hapa hapa kisiwani Nabweko. Wanafanya kazi katika hoteli moja ya ng'ambo ya ziwa, wanapandisha wageni kwenye pikipiki za majini. Bwire ndiye dereva. Mkono wake ni mwepesi, na hata kama anaihamisha tu mashine pale gatini, haigusi kabla hajajifunga ile kamba ya mkononi ambayo dereva akidondoka huchomoka, injini ikazima yenyewe. Nyabise ndiye mvalishaji. Akikutazama mara moja anajua jaketi gani la kujiokolea linakutosha, na huwezi kumbembeleza. Masatu hukaa nyuma ya abiria ili amshike asidondoke. Huyo maji hayamtishi tangu alipokuwa mdogo, na maneno yake humtuliza hata mbuzi wa kuchinjwa.

Binti yangu Nyanjige alishikwa na uchungu alfajiri. Kufika saa nne mtoto alikuwa hajatoka na damu ilikuwa inatoka. Zahanati yetu ina kitanda kimoja na nesi mmoja, Nesi Veneranda, naye alikuwa amevuka jana yake kufuata dawa. Boti ya kumrudisha ikafa injini. Nikampigia Bwire simu, sikusalimia wala kusalimiwa.

"Mama, tunakuja na nesi," akasema, akakata.

Wakamleta nesi kwenye gati la hoteli. Bwire yuko tayari usukanini, mara Nyabise akawasimamisha. Nesi alikuwa amejitwalia jaketi la mwanamume, mikanda inaning'inia, na chini gauni lake jeupe la kazi.

"Hilo si lako, nesi. Vua."

"We binti, kuna mtu anakufa kule!"

"Najua. Shikamoo, lakini vua."

Akamvalisha lingine, akabana mikanda, akalivuta mabegani kwa nguvu kuona kama litapanda hadi kidevuni. Halikupanda. Akamvika na suruali nzito, kwa sababu maji yanayofyatuka nyuma ya mashine ile yanaweza kumchana vibaya mtu anayedondokea nyuma. Mkoba wa nesi akautia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, akaifunga ndoo kwa kamba. Dakika ishirini zikaenda. Dakika ishirini! Mimi huku nimeshika mkono wa mwanangu, unapoa. Ningejua saa ile nini kinawachelewesha, ningemlaani Nyabise kwa jina la ukoo wake, sifichi.

Wakaondoka watatu: Bwire, nesi katikati, Masatu nyuma. Ndio uwezo wa mashine ile, haizidishwi. Walienda vizuri hadi katikati ya ziwa, wakakuta magugu maji yametanda mbele yao. Sasa huyu Bwire kila siku anawaimbia wageni: ukiachia mafuta, usukani haukusikii, kwa sababu mashine hii hukata kona kwa nguvu ya maji inayoyasukuma. Ameimba hadi wapishi wa hoteli wanajua. Siku hiyo nesi akapiga yowe sikioni mwake, naye akafanya lile lile analowakataza watu. Aliachia mafuta, ndipo akakata kona. Mashine ikanyooka vile vile kuelekea kwenye magugu. Akashtuka, akavuta mafuta kwa pupa, ikageuka ghafla, nesi akaegemea kusiko, wakapinduka.

Na nesi aliegemea kusiko kwa sababu hakuna aliyemwambia. Kazi ya kumwambia abiria "dereva akiinama, inama naye" ni ya Masatu. Wakati wa kuondoka Masatu alikuwa anawapungia mkono wasichana wanaofua kwenye miamba. Nimewauliza wasichana wenyewe, wamekiri.

Lakini subirini, msimhukumu mtu bado.

Bwire alipotupwa, kamba ilichomoka na injini ikazima. Mashine haikukimbia, ilikaa pale pale, mbali naye kama kutoka hapa hadi jikoni kwangu. Akaifuata. Nyuma ya mashine kuna mshale unaoonyesha upande wa kuigeuzia, maana ukiigeuza kinyume injini inakunywa maji na safari imeishia hapo. Akaigeuza sawasawa, akapiga mbizi chini yake, akayang'oa kwa mikono magugu yaliyoziba pale inaponyonyea maji.

Huku nesi, ambaye hajui kuogelea hata hatua moja, amemkaba Masatu shingo.

"Nesi, jaketi linakubeba. Niachie shingo, nishike mkono," Masatu akamwambia, taratibu, kama anamwelekeza njia ya sokoni. Akamzungusha hadi nyuma ya mashine, injini bado imezimwa, akamsukumia juu kwa mabega yake. Bwire akawasha. Mashine ikakohoa, ikaenda ikichechemea, maana magugu mengine yalikuwa bado ndani. Kwa nguvu iliyobaki, na watu watatu juu yake, ilizama hadi kwenye viti. Masatu akashuka.

"Panda," Bwire akasema. "Mtu haachwi majini."

"Nina jaketi. Nyanjige hana kitu. Nenda!"

Alikaa saa nzima pembeni ya magugu yale, na mnajua wenyewe vinavyolala humo. Bwire alipomrudia, midomo ya Masatu ilikuwa imekakamaa kwa baridi, hakuweza kutamka hata jina lake mwenyewe.

Nesi akafika, akafungua ndoo, mkoba mkavu kabisa. Mtoto akatoka saa sita kasoro, wa kike, analia vizuri.

Sasa desturi yetu mnaijua. Kitovu kikidondoka, aliyeuokoa uzazi ule humpa mtoto jina lake, awe mwanamume awe mwanamke, akamgusisha uji wa ulezi mdomoni kwa ncha ya kidole. Anakuwa somo wake, na somo ni mzazi wa pili. Mama akiondoka, yeye ndiye anayelea. Nami nitawaambia ukweli, Nyanjige bado hawezi kukaa, na nesi akimpima hatazamani nami.

"Bila jaketi langu nesi angezama," anasema Nyabise.

"Na bila dakika zako ishirini, Nyanjige asingemwaga damu yote ile," anamjibu Bwire. "Kamba yangu ndiyo iliyotubakizia mashine."

"Mashine uliyoipindua mwenyewe!" anasema Masatu. "Nani alibaki majini?"

"Wewe, kwa sababu ya wasichana wako," wanamjibu wote wawili, ndilo jambo pekee wanaloafikiana.

Jirani akaniambia nimpe mtoto majina yote matatu. Eti busara! Siku ya shida kila somo atasema nilidhani mwenzangu ameenda, na mtoto atalala njaa kwa wazazi watatu. Nikamwendea nesi achukue yeye. Akasema, "Mama, niondoe. Nina masomo kumi na wanne, wengine hata sura siwajui." Nikamwuliza Nyanjige. Akafumba macho, akasema, "Chagua atakayemlea, mama." Nikatoka nje nikalia, na wale watatu wako pale wanabishana.

Kitovu kimedondoka leo asubuhi. Mabakuli matatu ya uji yako kizingitini, yanapoa. Mtoto analia ndani, na mimi bibi yake nasema "nyamaza, nyamaza," kwa sababu sina jina la kumwitia.

Haya, ninyi mliosikia yote. Aliyemvalisha nesi, aliyejifunga kamba mkononi, au aliyebaki majini? Semeni, niingie ndani nimwite kwa jina la nani?