Bi Nakijwa na Kilima cha Machimboni

"Mchagua njia naye husukuma." Mmeisikia ikisemwa, nanyi mwauliza ilitoka wapi. Haya, sogeeni, chanzo chake ni hiki.

Katika mji mmoja wa Upareni, halmashauri ilitaka basi la kupeleka watu vijiji vya juu. Njia, saa na nauli ilipanga yenyewe, na mwenye basi alilipwa kiasi kilekile, masika na kiangazi. Basi likikwama, mafuta yakipanda bei, shauri lake. Mtu wa kwanza kuingia mkataba huo aliumaliza mwaka hana basi wala shamba.

Zamu ikamfikia Bi Nakijwa, mjane aliyeuza ng'ombe wote wa marehemu mumewe akanunua basi moja. Mama yule alikuwa na kichwa, nyie! Alitaja bei hata wajumbe wakaguna.

"Mbona unatukamua, mama?" aliuliza Mwenyekiti Mfinanga.

"Pandeni kwanza, baba. Tukaione njia, ndipo tuseme bei."

Wakapanda na viatu vyao vya ngozi, mvua ikinyesha. Kwenye kilima cha machimboni basi likazama. Huko milimani desturi ni moja: gari likikwama, wote hushuka kusukuma, awe shehe au mchungaji. Mwenyekiti hakuinuka.

"Basi si lako?" alisema. "Na tope ni lako."

Bi Nakijwa alijua kumuudhi mtu huyu ni kukosa kazi, na basi ndilo lililolisha wanawe. Hata hivyo alijibu kwa adabu.

"Basi ni langu, baba. Breki zikiwa mbovu au dereva akilewa, nikateni malipo. Lakini njia hii sikuichagua mimi, wala barabara si yangu kuitengeneza. Bei ile mnayoilalamikia, nusu yake ni hofu. Niondoleeni hofu, nami nitawaondolea bei."

Mwenyekiti akavua viatu, akakunja suruali, akashuka. Wajumbe wakamfuata, wakasukuma mpaka basi likatoka.

Mkataba ukaandikwa upya: gari na dereva juu ya Bi Nakijwa, barabara na masika juu ya halmashauri, mafuta yakipanda wabebe pamoja. Bei ikashuka kweli, na watu wa juu wakapata usafiri miaka na miaka. Mimi namvulia kofia mama yule, maana hakulia wala hakutukana, na haki yake aliipata.

Basi mtu akikuamuru upite pabaya, naye amekaa kitako, mwambie bila woga: mchagua njia naye husukuma.