Thelathini na Tatu kwa Bila

Watu hupenda kumwambia jirani aliyefungwa kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Wakifungwa wao, methali huwatoka kichwani. Fundi viatu mmoja hakuisahau, na ilimgharimu.

Alikuwa kipa wa timu ya mafundi wa mtaani: waashi, washonaji, watu wa kufanya mazoezi wakishaweka zana chini. Katika mashindano ya kombe, kura iliwapa klabu ya wachezaji wa kulipwa. Walikwenda kumi na mmoja kamili, bila hata mtu wa akiba.

Kufikia mapumziko walikuwa wamefungwa kumi na manane. Mabao yaliingia kama mvua kwenye paa bovu. Mashabiki wakahesabu kwa sauti, maana rekodi ya kombe ilikuwa ishirini na sita.

Kipindi cha pili mafundi wanne walianguka mmoja mmoja, wakidai misuli imekaza, wakatolewa nje. Wakabaki saba. Refa, ambaye hakuzaliwa jana, akaonya kwamba mwingine akijiangusha, timu itafungiwa mwaka mzima. Hapo nahodha, fundi bomba aliyekuwa kaka wa mke wa kipa, akamfuata golini. Alimweleza kuwa wakibaki chini ya saba mchezo huvunjwa, na kitabuni huandikwa tatu kwa bila. Tena kipa aliyepigwa mashuti yote yale, nani angemtilia shaka?

"Shemeji, lala tu. Watakucheka mpaka wajukuu zako."

"Sijaumia, shemeji."

"Basi jiumize kidogo. Kwani hapo unalinda nini?"

"Goli," alijibu, akatema vumbi, akajipanga kungoja kona.

Kipenga cha mwisho kililia: thelathini na tatu kwa bila. Rekodi ilivunjwa juu ya mgongo wake. Aliwapa washindi mkono, mmoja baada ya mwingine, peke yake. Alipomaliza kubadili nguo, gari la wenzake lilikuwa limekwisha ondoka. Nyumbani, mkewe alishasikia upande wa kaka yake. Akamtengea chakula, akamgeuzia mgongo, akaenda kulala. Kibandani wateja wakambandika jina la Thelathini na Tatu. Alicheka nao kwa meno tu, akaendelea kushona soli.

Siku ya mazoezi alikwenda uwanjani, akangoja. Hakuja mtu. Akapiga mpira ukutani mpaka giza likaingia. Juma la pili ikawa vilevile, yeye na ukuta, ukuta na yeye.

Juma la tatu nahodha alitokea, kichwa chini kama kuku aliyenyeshewa. Hakusalimu. Alivua kandambili, akasimama golini.

"Nipigie, shemeji," alisema. "Yote thelathini na tatu. Wewe uliyabeba, mimi nilitaka kuyakimbia."

Fundi viatu hakumwonea huruma. Alipiga la kwanza kwa nguvu zake zote. Likaingia. Nahodha akaufuata mpira mwenyewe, akaurudisha, akasimama tena katikati ya milingoti. Hapo ndipo alipoanza kucheza mpira, kwa maana asiyekubali kushindwa si mshindani.